Manyoya ya Mbwa Asiyeuma

Kuna watu wakitaka kusimulia jambo kama hili wanaanza kwa kuomba samahani. Mimi siombi. Lilinipata mimi mwenyewe, muchana kweupe, mbele ya cherehani yangu, hapa Kalemie, na asiyetaka kusikia mulango uko wazi. Pombe sinywi. Malaria sikuwa nayo. Pasta wetu alikuja kunibembeleza niseme ilikuwa ndoto, nikamuambia: Pasta, nani analala saa sita ya muchana wakati robe ya bibi harusi inangojewa saa tisa? Akakunywa chai yangu, akaenda.

Kwanza niwaulize: mbwa wa kartie yetu, mutaa huu, wanatoka wapi? Munajifanya mumesahau. Ziwa lilipopanda na kuingia manyumbani, watu walibeba magodoro, masufuria, mabati, wengine wakang'oa hata milango. Mbwa waliachwa. Niliwaona kwa macho yangu, wamelala siku nyingi juu ya vizingiti vya nyumba zilizojaa maji, wanangoja mwenyewe arudi. Hao hao njo leo munawaita mbwa wa bure, wezi wa ndagala. Ndiyo, wanaiba ndagala zilizoanikwa kwenye muchanga. Na wewe ukiachwa na njaa pembeni ya ndagala, utaimba zaburi?

Lakini sitajifanya mutakatifu. Wakati ule mimi pia nilikuwa nawapiga mawe. Tena nilikuwa na shabaha nzuri.

Ninaishi na mujukuu wangu, Furaha, mutoto wa miaka saba. Mama yake ni binti yangu, anafanya biashara ya samaki Moba, anapanda boti, anarudi mwisho wa mwezi. Aliniachia mutoto akasema neno moja tu: "Mama, huyu njo wangu mumoja." Basi siku ya Ijumaa, jioni, nikamutuma Furaha chumvi. Alirudi bila chumvi, analia, damu inashuka kwenye muguu. Mbwa! Mbwa gani? Hakujua. Alikuwa amepita kichochoro cha nyuma ya lupango, ule ua wa mabati wa shefu wa kartie, kitu kikamurukia, akakimbia. Aliona rangi tu: ya udongo. Sasa niambieni, hapa Kalemie mbwa gani hana rangi ya udongo?

Dawa niliijua. Nani haijui kwetu? Mutu akiumwa na mbwa unatafuta mbwa yule yule, unakata manyoya yake, unayachoma, unachanganya jivu na mafuta ya mawese, unapaka kwenye kidonda. Marehemu mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Na mbwa asiuawe mpaka kidonda kikauke, la sivyo dawa inapotea. Hospitali? Sikuiwaza hata kidogo. Nilichowaza ni kumupata mbwa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, vijana wote wako nje na makwanja na vifagio wanasafisha kartie. Shefu akatoa amri: vifagio chini, tafuteni mbwa aliyemuuma mutoto wa watu. Shefu wetu alikuwa muzee mwenye sauti na tumbo. Na yeye alikuwa na mbwa wake, mukubwa, wa kufungwa munyororo ndani ya lupango. Alimupa jina Watachoka. Munajua desturi yetu, mutu anamupa mbwa jina la kuwaambia majirani neno ambalo hataki kulisema mwenyewe. Kila jioni tulimusikia anaita "Watachoka! Watachoka!" na sisi majirani tulijua wa kuchoka ni nani.

Vijana wakaleta mbwa jike kutoka kwenye muchanga wa ndagala. Mwembamba, maziwa yananing'inia, rangi ya udongo. Shefu hakumuangalia mara mbili. "Njo huyu," akasema. Wakamufunga kamba kwenye nguzo ya goli, pale uwanja wa mupira. Nami nikaenda na mukasi wangu wa kazi, nikakata manyoya juu ya sikio la kushoto. Hakunguruma. Alikaa ametulia kama mutoto anayenyolewa, ananiangalia usoni tu. Nikasema moyoni, dhambi yako unaijua. Nikaenda kuchoma, nikapaka, nikafunga kitambaa, nikalala kwa amani. Ndivyo ilivyokuwa. Mukitaka kunicheka, chekeni hapa, maana mbele hapachekeshi.

Jumatatu, saa sita. Jua limesimama, kartie kimya, Furaha amelala chumbani, mimi napindisha upindo wa robe. Nikaona kivuli juu ya kitambaa. Mwanamuke amesimama mulangoni. Hakupiga hodi. Mwembamba, amevaa kitenge kilichofifia mpaka maua hayaonekani tena, kitambaa cha kichwa amekivuta chini mpaka kwenye nyusi. Nikafikiri ni muhamiaji kutoka njia ya Nyunzu, mama mwenye mutoto muchanga nyumbani, maana kifua kililowa maziwa.

"Mama, nipime," akasema.

Nikamuambia karibu, kaa. Kiti alikikataa. Nikachukua metre yangu, nikaanza mabega, kifua, kiuno, naandika kwenye daftari kama kila siku. Aminini, mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Imepima miili ya muji huu zaidi ya miaka ishirini, na ule haukuwa muili niliowahi kupima. Kifua kirefu, kiuno hakuna, na joto linatoka kama kwa mutu mwenye homa kali. Na harufu! Harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na hiyo ilikuwa kiangazi, tone la mvua hatujaliona wiki nyingi. Nilipozungusha metre shingoni nikagusa mufereji. Alama ya kamba, mbichi.

"Dada yangu, nani amekufunga hivi?"

Alifungua kitambaa cha kichwa. Juu ya sikio la kushoto nywele zilikuwa zimekatwa, upana wa vidole vitatu, na katikati umebaki mustari mwembamba ambao mukasi haukuukata.

Mukasi wangu una pengo. Ulianguka kwenye sima, hii saruji ya chini, na tangu siku ile kila kitambaa ninachokata unaruka uzi kidogo katikati, lazima nirudie. Fundi anaujua mukato wake. Unaweza kunidanganya juu ya mume wangu, juu ya mukasi wangu huwezi.

Nilitaka kuita jina la Yesu, mudomo ukakataa. Yeye hakuwa na hasira. Hilo njo linanisumbua mpaka leo, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Manyoya uliyomuwekea mutoto ni yangu," akasema. "Mimi sijauma mutu. Aliyemuuma amefungwa munyororo, na tangu jana maji hayamupiti kooni. Usimungoje mama ya mutoto arudi."

Akafunga kitambaa chake, akatoka. Nilihesabu pumzi, labda tatu, nikamufuata mbio. Njia nyeupe, jua tupu, hakuna mutu, hakuna kuku. Nikakimbia mpaka uwanjani. Kamba ilikuwa bado kwenye nguzo, na kitanzi chake kwenye vumbi, fundo limekaza vile vile vijana walivyolifunga. Halikufunguliwa. Halikutafunwa. Mbwa hayuko.

Ungefanya nini wewe? Wengine wangerudi nyumbani kuomba. Mimi nilienda kugonga bati la shefu kwa ngumi mbili.

Alitoka na singlet, mukono wa kuume umefungwa tambara. Majirani wakaanza kujaa, maana kwetu kelele hailipiwi tiketi. Nikamuambia: "Papa Shefu, mbwa wako njo amemuuma mutoto wangu."

"Watachoka? Huyu ana munyororo!"

"Munyororo unafika kichochoroni. Na bati lako lina tundu kule nyuma, kila mutu analijua. Mupe maji tuone."

"Mama, unanipa amri kwangu?"

"Leo ninakupa."

Akacheka kuwaonyesha watu. Hakwenda kuchota maji. Nikaingia mwenyewe, nikachukua beseni kwenye bomba, nikaliweka mbali, nikalisukuma na ufagio. Yule mbwa alikuwa amelala kivulini, ute unaning'inia kama uzi. Akainuka anayumba. Akatia mudomo majini, akameza, koo likakataa, maji yakarudi kwa pua. Akajaribu tena. Kisha akauma beseni. Akauma ufagio, akauma munyororo wake mwenyewe mpaka meno yakalia. Watu walirudi nyuma wote pamoja.

Shefu alisema ni joto. Joto! Nikaangalia ule mukono wake, na damu kwenye tambara.

"Papa Shefu, na wewe amekuuma. Twende wote hospitali, sasa hivi."

"Ni musumari," akasema. "Na wewe, nani amekuambia habari za mbwa wangu?"

Nikamuambia. Mbele ya watu wote nikamuambia nani alikuja kwangu saa sita. Hapo njo lilizaliwa jina langu jipya, nikalisikia nyuma ya mugongo: mulozi. Nikasema sawa, mulozi ana haraka, mupisheni. Nikamubeba Furaha mugongoni, nikasimamisha pikipiki.

Munganga pale hospitali aliondoa kitambaa changu, akaona ule weusi, akauliza ni nini. Nikamueleza. Alinisema, mama yangu! Alinisema mbele ya wagonjwa kama mutoto wa shule ya primer, nami nilistahili. Akaosha kidonda kwa sabuni na maji, akaosha muda mrefu mpaka Furaha akachoka kulia, akamupiga sindano, akanipa siku za kurudi. Nilirudi kila siku aliyoandika, hata moja sikukosa. Alinieleza ugonjwa unaitwa raje, wenzetu wa Kigoma wanasema kichaa cha mbwa, na kwamba ukishaanza kwa mutu hauna dawa. Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye sima ya hospitali. Siku tatu. Siku tatu nzima nilimuacha mutoto wa binti yangu na jivu kwenye muguu, nalala kwa amani.

Furaha yuko. Anaenda shule, ana kovu, ana mudomo mukubwa kuliko wangu.

Watachoka alikufa kesho yake usiku. Na shefu? Hapa nisikilizeni vizuri, hapa njo pananiuma. Wiki ile nilikutana naye kwenye bomba la maji. Ametoa tambara. Kwenye mukono, ule weusi. Jivu na mawese. Nikaelewa yote. Alikata manyoya ya mbwa wake mwenyewe, mbwa yule yule aliyeuma, hakukosea mbwa kama mimi. Desturi aliifuata yote, mwanzo mpaka mwisho. Nikafungua mudomo niseme. Halafu nikakumbuka vile alivyonicheka mbele ya watu, na vile jina la mulozi linavyotembea kartie nzima kwa ruhusa yake. Nikasema, "Jambo, Papa Shefu." Nikainua ndoo yangu, nikapita.

Mwezi wa pili tangu siku ile haukuisha. Walimupeleka hospitali akiwa anaogopa kikombe. Mutu mwenye sauti ile, analia akiona maji. Siku mbili tu.

Kwenye kilio chake walisema nimemuroga. Wanasema mpaka leo. Wateja wengine walichukua vitambaa vyao, wakamupelekea fundi mwingine. Pasta anataka nisimame mbele ya kanisa niungame kwamba sikuona kitu. Sitasimama. Niliona, nilipima, na daftari ninalo. Mafundi wenzangu nimewaonyesha vipimo vile, wakaniuliza hii ni nguo ya nani. Yule mbwa jike alirudi na watoto wake wanne, wanalala chini ya meza yangu, na anayewatupia jiwe anatupia jiwe nyumba yangu. Manyoya ya juu ya sikio hayajaota. Sijamuomba aseme tena, naye hajasema. Ukoko wa bukari, ugali wetu, na vichwa vya ndagala anapata kila siku. Mukono mutupu haulambwi.

Kuitwa mulozi hakuniumizi. Kinachoniamsha ni ile "Jambo, Papa Shefu." Habari ya hospitali nilimuambia mara moja. Mara ya pili nilikuwa nayo mudomoni, nikaimeza kwa kiburi, na mujane wake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Basi nasema sasa, kwenye bomba, sokoni, kwenye mulango wa kanisa wanaponifukuza. Ukiumwa na mbwa, hata awe wa bwana mukubwa, hata awe wako uliyemulea: sabuni, maji mengi, hospitali siku ile ile. Manyoya acha kwenye mbwa. Na ukinificha mukono ukaniambia ni musumari, nitagonga kwako mara mbili, mara tano, usiku, muchana, mpaka majirani watoke. Niite mulozi. Hospitali utafika.