Mwali Aliyeulizwa na Maalim Akajibu

Wakuu, amani iwe juu yenu, wa msikitini na wa kanisani.

Mie ni bibi wa Temeke, na kwenye simu naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nitakayosema niliyashuhudia mwenyewe. Nimeshazeeka, sina sababu ya kubeba uongo kwenda nao kaburini.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za vijana wanaokataliwa na wazazi wa wenzao. Wengine wanadhani mambo hayo yameanza juzi.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile ya mwisho mwisho. Temeke ilikuwa mikorosho na nyumba za udongo. Baba yangu, Mzaramo, alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, akienda mjini kwa baiskeli, kanzu nyeupe na kofia.

Mrisho nilimjua chuoni, tukisoma Kurani kwa Maalim wetu. Alikuwa Mnyamwezi, wazazi wake wamekuja kutafuta kazi bandarini. Mimi nilikuwa namshinda kuhifadhi, yeye ananishinda sauti. Hapo ndipo yalipoanzia.

Nilipofika miaka kumi na sita nikawekwa ndani. Kwa wasiojua: binti wa Kizaramo akishavunja ungo alikuwa mwali. Hatoki, haonekani, anafundwa na kungwi mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kuolewa. Mimi nilikaa ndani miaka miwili.

Mrisho alikuwa ameanza ufundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Na mnyororo wa baiskeli ya baba ulikuwa unakula pindo la kanzu yake kila mara, na fundi wake akawa Mrisho.

Nadhani mmeshaelewa.

Mrisho akishona pindo, ndani anaweka kikaratasi chembamba cha khati za Kiarabu. Kanzu ikija kufuliwa, nafumua, nasoma, natia jibu, nalishikiza pindo kwa uzi dhaifu. Siku ya tatu pindo limeachia. Baba anarudi kwa fundi anafoka, "Fundi gani wewe? Pindo halikai hata wiki!" Mrisho anajibu, "Nisamehe mzee, leo nitalikaza."

Mwaka mzima baba alibeba barua zetu miguuni mwake na hakujua. Mungu anisamehe. Kugusana hatukugusana hata ncha ya kidole.

Nilipotimiza kumi na minane, Mrisho akamtuma ami yake kuleta posa.

Hapa ndipo palipoharibika. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Ami alipotamka kilichomleta, baba alicheka mpaka akakohoa. "Nyie mmekuja pwani kubeba mizigo, leo mnataka kubeba na binti zetu?" Ami naye akacheka kwa adabu ya utani, kisha akasema, "Mtani, leo sitanii."

Baba akaacha kucheka. Halafu akasema, "Utani ni mkeka mmoja, ndoa ni mkeka mwingine. Sijui hata kaburi la babu yenu liko wapi. Nenda kwa salama."

Kwa kina Mrisho hali haikuwa bora. Mama yake alisema wazi, "Mwali wa Kizaramo anakaa kivulini miaka miwili, akitoka hajui jembe linashikwa wapi. Mimi nitamlisha?"

Majirani nao wakapata la kuzungumza. Haukupita mwezi baba akanitafutia mume: mtu wa Kimbiji mwenye minazi yake, umri wa baba, mke mmoja tayari nyumbani. Siku ikapangwa, pilau ikapikwa.

Kungwi wangu, Bi Mwanahawa, alinifunda siku ile asubuhi. "Maalim atakuja kukuuliza. Funika uso, nyamaza. Ukilia kidogo ni vizuri zaidi, watu watajua umelelewa."

Sheria hiyo niliijua kabla yake, maana Maalim mwenyewe alitusomesha: bikira huulizwa, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Usiku kucha nilikuwa nikiyafikiria maneno hayo. Kama kunyamaza ni ndiyo, basi Mungu ameniachia na mlango wa hapana, ila lazima niufungue kwa mdomo wangu.

Baada ya Alasiri Maalim akaja na mashahidi wawili, wakasimama nyuma ya pazia. "Mwanangu, baba yako anataka kukuoza kwa bwana huyu wa Kimbiji. Umeridhika?"

Nikafungua mdomo.

"Sikuridhika, Maalim."

Bi Mwanahawa akanifinya paja, alama ilikaa siku nne. Wanawake wakaanza, "Astaghfirullah! Mwali ana mdomo!"

Maalim akauliza tena, taratibu. Nikajibu tena, safari hii kwa sauti. "Simtaki. Naomba radhi ya baba yangu, lakini simtaki."

Baba akapaza sauti kutoka barazani, "Maalim, mtoto huyo amechanganyikiwa! Soma hutuba, mimi ndiye walii, mwenye kuoza!"

Maalim akasema maneno ambayo mpaka leo namwombea dua kwayo: "Umenituma kuuliza, nimeuliza, nimejibiwa. Mimi sikuja kuuliza ukuta." Akavaa makubadhi yake, akaondoka.

Najua wasomi wa humu mtanibishia, kwamba kwa madhehebu yetu baba ana nguvu ya kumwoza bikira. Najua, nimesoma. Maalim alijua kuliko sisi sote, na hata hivyo hakufungisha.

Bwana wa Kimbiji, Mungu amrehemu, alikula pilau yake, akaaga, hakumtukana mtu.

Baba hakusema nami miezi saba. Ngoma yangu haikuchezwa. Watoto walipita dirishani wakiimba, "Mwali kasema, mwali kasema!" Nilisali, nikafunga Jumatatu na Alhamisi, nikasubiri.

Mrisho naye kila Ijumaa baada ya sala alimfuata baba uani mwa msikiti. "Shikamoo mzee." Baba anapita. Ijumaa nyingi sana. Mpaka moja, bila kumtazama, akaitika, "Marahaba." Iliyofuata akampelekea kanzu.

Kisha siku moja nakuna nazi, baba akaingia jikoni. Nilikuwa sijawahi kumwona jikoni. Akanitaka niinuke, akakaa yeye juu ya kibao cha mbuzi, magoti yamemfika kidevuni.

"Maalim alikuuliza. Mimi sikukuuliza. Unamtaka kweli Mnyamwezi huyu?"

"Namtaka, baba."

Akachota nazi kwa kidole, akaonja. "Haya. Nimesikia."

Tuliozwa Ijumaa, na aliyefungisha ni Maalim yuleyule. Mama mkwe alinitunza jembe jipya mbele za watu, wakacheka. Nikalima naye Chanika misimu kumi na mmoja, mpaka akawa ananitetea kwa mwanawe. Na mimi na Mrisho tukaishi mpaka tukaona vitukuu. Alhamdulillahi.

Vijana, siwafundishi kuwavunjia wazazi heshima. Ile aibu ya baba yangu mbele za watu naijutia. Jibu langu silijutii. Na nyie wazazi: muulizeni mtoto mapema, mkiwa wawili tu, na mkae mpaka ajibu.

Uwanja ni wenu. Wenye bibi walio hai kawaulizeni waliolewaje, mje mtuambie hapa. Matusi tu ndiyo sitayajibu.