Ng'ombe wa Udongo wa Hawo

Sisi tuliozaliwa kabla barabara ya Garsen haijajua lami, wenzangu, shule yetu ya kwanza ilikuwa tope. Msicheke. Nimekuwa mwalimu wa chekechea miaka mingi mpaka nikastaafu. Nimefundisha kwa chaki, kwa vitabu vya picha, na kwa vile vibao vya plastiki vinavyoletwa kwenye maboksi. Lakini kila nilichokijua juu ya mtoto mdogo na mikono yake nilikipata uani kwa Shangazi Raheli, katika kijiji chetu cha Wapokomo kando ya mto Tana, miaka ya hamsini, nikiwa bado nina mapengo mdomoni. Na mtu niliyemkosea kuliko wote duniani ni huyo huyo Raheli. Jambo lenyewe nimelificha tangu utotoni, na leo nalisema kwa sababu nimezeeka na nimechoka nalo.

Shangazi Raheli alikuwa dada wa baba yangu. Mguu wake wa kushoto ulidhoofika akiwa mtoto mchanga, akakua akichechemea, na kwa hiyo hakuolewa wala hakupewa shamba. Mpunga ulipoanza kushika punje, ndege walishuka kwa maelfu, na kijiji kizima kilihamia mashambani alfajiri. Mama zetu walipanda juu ya dungu, jukwaa la miti, wakarusha mabonge ya udongo kwa kombeo na kupiga kelele mpaka sauti zikakauka. Raheli hakuweza kupanda dungu. Basi sisi wadogo, ambao hata kombeo hatukuweza kulizungusha, tuliachiwa yeye kutwa nzima. Kama mlidhani chekechea ilikuja na serikali, mmedanganywa.

Ua wake ulinuka moshi, samaki wa kukaanga na udongo mbichi. Tukishakunywa uji, alijikokota hadi katikati, akaketi kwenye kigoda na kutuita: "Haya, wasomi wangu! Nani ana mikono mitupu?" Aliyekuwa na mikono mitupu alipewa kazi mara moja. Alichanganya kwenye ungo mpunga, mahindi, kunde na choroko, tukachambua. Tukishazoea, alitufunga macho kwa kitambaa tukachambua tena kwa vidole tu, na aliyetia kunde kwenye choroko alichekwa hadi adhuhuri. Tulikata magamba ya mgomba tukatengeneza mitumbwi, tukaiweka ielee kwenye beseni la maji na kuipakia kokoto moja moja, kila mtu akikisia ni ipi itakayozamisha chombo. Ukingoni mwa mto alichomeka kijiti, na kila asubuhi mmoja wetu alikwenda naye kufunga ukindu pale maji yalipofika. Hivyo ndivyo tulivyojua kusoma mto, kabla hatujajua kusoma kitu kingine chochote.

Miaka mingi baadaye niliketi kwenye semina, bwana mmoja kutoka Nairobi akatueleza kwa mchoro na kalamu nne za rangi kwamba mtoto hujifunza kwa kugusa. Tukapiga makofi, tukapewa soda. Nilipiga makofi na mimi, nikimfikiria Raheli na ungo wake.

Kiangazi kikikaza, Waorma waliteremsha ng'ombe wao mpaka mtoni kutafuta maji. Mama mmoja wa Kiorma alikuwa rafiki wa mama yangu tangu wote wawili ni wasichana. Alituletea maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, akarudi na mpunga na ndizi. Alipokuwa akizunguka na maziwa, alimwacha bintiye kwa Raheli. Binti huyo ndiye Hawo. Alikuwa rika langu, mwembamba, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Kiswahili chetu sote kilikuwa cha kuokoteza, yeye akichomeka Kiorma na mimi nikichomeka Kipokomo, na hatukuwahi kushindwa kuelewana. Nilimpenda Hawo jamani. Alipochelewa kufika nilikaa mlangoni nikakataa kula.

Sisi watoto wa Kipokomo tulipopewa udongo tulifinyanga vyungu, vijumba na samaki. Hawo alifinyanga ng'ombe tu. Tena hakufinyanga ng'ombe hivi hivi. Kila mmoja alikuwa ng'ombe fulani wa baba yake, mwenye pembe zake na nundu yake. Pembe alizitoa kwenye miiba ya mgunga. Weusi aliupata kwa mkaa, weupe kwa jivu, na wekundu kwa udongo wa kichuguu. Huyu Dima, mwekundu, anapenda kupiga teke. Huyu Gurracha, mweusi, mama wa wengi. Kiangazi kimoja aliwafinyanga wote, zizi zima la baba yake, na Raheli akawapangia mahali juu ya dari ya jikoni wakauke kwa moshi.

Kwa ng'ombe hao Raheli alibuni mchezo. Aliwapanga chini wote, akatuambia tugeuke, akamficha mmoja ndani ya kanga. Kisha akauliza: "Nani hajarudi zizini?" Sisi tulikodoa macho, tukataja ovyo. Hawo aliangalia kundi mara moja tu, akasema, "Bora. Yule ya kijivu." Hakukosea hata siku moja! Nilimwonea fahari, na nilimwonea wivu pia, yote kwa pamoja.

Siku moja niliona nimepata dawa. Nilianza kunyoosha kidole niwahesabu ng'ombe kwa sauti kabla ya mchezo, na Raheli akakishika kidole changu akakikunja taratibu. "Ng'ombe za watu hazihesabiwi, Mariamu," akasema. "Hesabu kunde, hesabu kokoto, hesabu vidole vyako. Mfugaji anamjua ng'ombe wake kwa jina na kwa uso. Ukimtia kwenye hesabu, unamwitia balaa." Hawo alikuwa ametoa macho. Nilimwuliza kama hata wa udongo ni vile vile. Raheli akanijibu kwamba hao wana majina ya walio hai, kwa hiyo ni vile vile. Nilielewa vizuri kabisa. Nasema haya ili mtu asinitetee kwamba nilikuwa mtoto sijui.

Mwaka uliofuata lilifunguliwa darasa la watoto wadogo karibu na kanisa. Baba alinipeleka, na nikawa mtu mkubwa. Mwalimu alikuwa kijana mgeni kutoka mbali, mwenye viatu vinavyong'aa na fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Tuliimba namba kutwa, moja mpaka mia, bila kugusa kitu. Nikirudi nyumbani nilipita uani kwa Raheli na kibao changu kwapani, nikiwaangalia waliobaki na tope lao kama vile mimi sijawahi kulishika. Aibu zangu!

Basi mwalimu akatuambia tulete kesho yake vitu vya kuhesabu. Wenzangu walijua wataleta kokoto na vijiti. Mimi nilitaka kuwashinda. Alfajiri, Raheli akiwa ameshuka mtoni kuangalia kijiti chake, niliingia jikoni kwake, nikapanda juu ya kinu, nikawashusha ng'ombe wa Hawo mmoja mmoja nikawatia kwenye kikapu. Nikawapeleka darasani, nikawapanga juu ya meza ya mwalimu. Darasa zima lilishangaa uzuri wao. Mwalimu akaniambia nihesabu. Nikahesabu kwa sauti, nikimgusa kila mmoja mgongoni, Dima, Gurracha, Bora, wote, bila majina. Walikuwa thelathini na mmoja. Mwalimu akaandika ubaoni, akatuimbisha: "Ng'ombe thelathini na mmoja! Ng'ombe thelathini na mmoja!" Mchana niliwarudisha darini salama, hakuna hata pembe iliyovunjika, nikajiona mjanja.

Lakini wimbo haukurudi darini. Watoto waliuimba njiani, waliuimba wakichota maji mbele ya Waorma wanaonywesha ng'ombe, waliuimba wiki nzima. Haikupita muda mrefu ugonjwa ukaingia kwenye ng'ombe. Waliharisha, wakatoa mate, wakaanguka pale pale kwenye njia ya kwenda majini. Baba yake Hawo alipoteza karibu wote. Mimi leo ni mtu mzima, najua maradhi ya mifugo hayatoki mdomoni mwa mtoto. Siku zile sikujua. Niliamini nimewaua kwa kidole changu, na nilikuwa nikikificha kidole hicho ndani ya ngumi hata nikilala.

Mama yake Hawo alikuja uani bila kibuyu, akimshika Hawo mkono. Hakuketi. Mama yangu alikuwapo, nami nilikuwa nimesimama karibu na kinu.

"Raheli," akasema, "ng'ombe yetu nani alihesabu?"

Raheli akatuangalia sisi watoto, uso kwa uso, mpaka akafika kwangu. Macho yake yakabaki hapo. Hakukunja uso wala hakunitaja jina. Alinipa nafasi tu, nafasi ndefu, na mimi nikaangalia miguu yangu. Nasikia mpaka leo kuku wakidonoa makapi na mtu akikohoa nyumba ya pili.

Kisha Raheli akasema, "Ng'ombe walikuwa mikononi mwangu, dada. Kilichowapata kimetoka kwangu."

"Basi ni wewe," yule mama akasema. "Mtoto yangu nilikupa wewe. Ng'ombe nilikupa wewe. Basi." Akamvuta Hawo wakaondoka. Hawo aligeuka mara moja, akimwangalia Raheli, analia. Mimi hakuniangalia, kwa kuwa hakuwa na sababu.

Hawakurudi tena. Mama yangu alipoteza rafiki na sisi tukapoteza maziwa, na kwa miezi mama alipika uji mweupe wa maji huku akinung'unika juu ya uzembe wa wifi yake. Maneno yalienea kwamba Raheli si wa kuachiwa mtoto, maana hata amana ya udongo imemshinda. Wenzangu wa darasani walijua ukweli, lakini nani angewauliza watoto? Mama mmoja akamchukua wake, na mwingine akafuata. Msimu uliofuata wa ndege, watoto walipelekwa mashambani wakalazwa chini ya dungu juani, au wakaletwa darasani kwetu kuimba namba. Raheli alibaki uani na ungo wake, akichambua kunde peke yake. Mwanamke ambaye hakupewa mume wala shamba alikuwa amepewa watoto wa kijiji kizima, nami nikamnyang'anya kwa kufunga mdomo.

Hakunisuta hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilipofaulu kwenda kusomea ualimu alinisukia kikapu. Nilipoanza kazi nilimpelekea sukari na sabuni kila likizo, nikaketi naye, nikamsimulia juu ya wanafunzi wangu. Alipenda kusikia, akauliza kila mchezo unachezwaje, akanirekebisha. Mara nyingi nilikuja nimekusudia kuungama. Nikasema nitamwambia likizo ijayo. Alifariki nikiwa nafundisha Hola, mvua imekata barabara, na nilifika siku ya tatu baada ya kuzikwa.

Miaka imepita. Si zamani sana nilikuwa Garsen sokoni, nikamwona bibi mmoja wa Kiorma anauza maziwa kwenye madumu ya plastiki. Mteja alimtania, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Nikamsogelea. Nikamwita, "Hawo?" Akanitazama sana, kisha akanikumbatia tukalia kama wehu, watu wakatupisha. Tukahesabiana watoto na wajukuu. Tukawacheka wajukuu hao, ambao wanamjua simba wa kwenye simu lakini ndama wa jirani akiwasogelea wanakimbilia ndani. Kisha yeye mwenyewe akamtaja.

"Ile mama ya mguu," akasema. "Mama yangu alikufa hataki kusikia jina yake. Mimi pia. Watoto yangu wote wanajua ile hadithi, vile alihesabu ng'ombe yetu wakaisha."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kikapu, meza ya mwalimu, wimbo, na vile nilivyoangalia miguu yangu. Hawo akachukua kifuniko cha dumu akakifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Sasa Mariamu," akasema, "mimi unaniambia ya nini?"

Nyumbani kwangu sasa wajukuu wamejaa. Wana kila kitu, wana ng'ombe wa plastiki kutoka dukani ambao wote wamefanana kama visoda, na wana neno moja ambalo kwa miaka limekuwa likinikera. Mjukuu akimkanyaga bibi yake, "Sori, shosho." Akivunja kikombe, "Sori, shosho." Linatoka kabla chai haijafika chini. Nilikuwa nikiwagombeza, nikiwaambia kwamba enzi zetu mtoto alikuwa na adabu na hakuropoka ovyo. Siku hizi nawaacha waseme. Sisi wa enzi zile tulijua kusalimu kwa kupiga goti, kupokea kwa mikono miwili na kunyamaza mbele ya wakubwa, na mimi katika kunyamaza nilikuwa hodari kuliko wote. Neno ambalo mtoto wa miaka minne analimaliza kwa pumzi moja, mimi limenichukua zaidi ya miaka sitini, na nilipolitoa, nilimpa mtu mwingine.