Jiwe la Kabichi

Kila nikiinua jiwe juu ya mtungi wa kabichi, harufu ya kuchacha hunirudisha Ngara, kwenye hoteli ndogo ya Wachina waliotoka kaskazini mwa nchi yao, kule kwenye theluji. Mama alikuwa ameandikwa kazi ya kuosha vyombo.

Siku yake ya kwanza alikuta mtungi nyuma ya mlango, kabichi ndani imechacha. Akaimwaga yote, akausugua mtungi kwa majivu, akangoja kusifiwa.

Mwenye hoteli, mama mfupi aliyevaa aproni, alichungulia ndani ya mtungi.

"Nimeingoja mwezi mzima," akasema. "Ni ya kupika na nguruwe."

Mama alivua aproni aliyopewa, akaikunja vizuri.

"Kwetu mboga tunachachisha kwa maziwa, mama. Sikujua kabichi nayo huchachishwa."

Mwenye hoteli akamwekea kabichi nzima na kisu mbele yake.

"Vaa. Kata. Chumvi nitakuonyesha."

Wachina walipofunga hoteli kabisa wakarudi kwao, mama aliachiwa jiwe la kukandamizia kabichi mtungini.

Juzi watoto wangu waliniletea mtungi mpya wenye kifuniko. Mtungi nautumia. Kifuniko kiko kabatini.