Kaseti ya Mwalimu Sanga

Nililala nimenuna usiku ule, kompyuta ya marehemu Mwalimu Sanga ikiwa bado kwenye boksi karibu na kitanda. Bintiye, dada Neema, ndiye aliyeileta. Baba yake aliacha neno kwamba nipewe mimi. Nilishukuru kwa mdomo tu. Moyoni nilishaamua kwamba asubuhi nairudisha, kwa sababu sikustahili.

Utotoni, kila Jumamosi, Mwalimu aliichomeka mashine ile kwenye runinga yake na kutufungulia sisi wanafunzi wake gazeti lenye programu zilizochapwa kurasa kwa kurasa. Mmoja anasoma mstari, mwingine anabonyeza, wa tatu anakagua. Kazi tuliirekodi kwenye kaseti, zilezile za muziki. Mkate ninaokula leo, mimi mtunga programu, umetoka sebuleni kwake. Lakini siku nilipomaliza programu yangu ya kwanza, kwa pupa yangu, nilichukua kaseti iliyokuwa karibu bila kuuliza, nikairekodi humo. Ilikuwa na sauti ya marehemu mkewe akiimba kwaya. Nilipogundua, ilishafutika. Nikairudisha kwenye rafu, nikafunga mdomo hadi tukamzika Mwalimu.

Basi katika ndoto nilikuwa sebuleni kwake. Mara si sebule tena, ni darasa letu la saba, na runinga iko mahali pa ubao. Mwalimu anaingia na kandambili za bafuni, kama alivyozoea hata mbele ya wageni. Hanisalimu. Anatumbukiza kaseti, na badala ya kwaya, ule mlio wa programu yangu unajaa chumbani, unakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mwalimu, ni mimi niliyefuta sauti ya Mama."

"Najua. Nilijua wiki ileile."

Nalia. Yeye hanibembelezi, hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kubembeleza. Anaichomoa kaseti na kunionyesha ukingo wake wa juu. Vile vipande viwili vidogo vya plastiki, ambavyo visipokuwepo redio haikubali kurekodi, vimevunjwa.

"Nilivivunja mwenyewe," anasema. "Mtu asije akarekodi juu ya kazi yako."

Miaka yote hiyo alikuwa ameilinda programu ya mtoto aliyemkosea. Nataka kumshukuru, lakini sasa tuko nje, naye anatembea mbele yangu kuelekea geti, hasubiri shukrani. Anageuka mara moja tu.

"Mimi na wewe tumemalizana. Aliyepoteza mama ni Neema. Mwambie."

Nikaamka mto umelowa, kumekucha. Hata mswaki sikuushika. Nilimpigia dada Neema na kumweleza yote, bila kujitetea.

"Baba aliniambia kabla hajafa, mdogo wangu," akasema. "Nilikuchukia. Ndiyo maana nilichelewa kukuletea mashine yako."

"Lakini uliileta, dada."

"Niliileta," akasema. "Asante kwa kupiga."