Mbwa wa Bwana na Mafundo Yake

Enzi za Mdachi nilikuwa dobi kwenye boma la Dodoma. Bwana mkubwa aliposafiri kwenda Kilimatinde, aliniachia mbwa wake wa Ulaya, mwenye manyoya marefu kama ya kondoo. "Kila siku mchane," alisema.

Mimi mtoto wa Kondoa, nimelelewa msikitini. Kumgusa mbwa kulinitia kinyaa. Nikamlisha tu, nikamwacha azurure kwenye mbigili.

Siku moja tarishi akaleta habari kwamba bwana angerudi baada ya siku tatu. Nilikimbia kumtazama mbwa. Kwapani, nyuma ya masikio na mapajani, manyoya yalikuwa yamesokotana mpaka yakawa magumu kama mkeka. Nikaona kiboko, hamsa ishirini zangu, yaani mapigo ishirini na matano ya Mdachi. Nikamwosha haraka. Makosa! Yalipokauka, mafundo yalikaza zaidi. Nikavuta kwa chanuo, mbwa akalia na kuning'ata kidole.

Sikutulia. Nilizunguka uani mpaka mke wangu, Mgogo mzoea mifugo, akanishika mkono. "Unamvuta ngozi, si manyoya. Keti."

Akapaka samli kwenye fundo, akalishika shinani ili ngozi isivutwe, akaanza kulifumua kwa vidole kutoka nchani. Chanuo lilikuja mwisho. Siku mbili tulifanya hivyo, mimi nikiinuka kila mara kuchungulia njia. Nyuma ya sikio fundo halikufumuka. Tulipolikata taratibu kwa mkasi, tukakuta kidonda kibichi chini yake. Niliona haya. Siku zote hizo mnyama alikuwa akiumia, nami nikiwaza mgongo wangu tu.

Bwana alifika mchana, na vumbi lake. Akampapasa mbwa, akafika pale penye upara nyuma ya sikio.

"Nani amekata?"

"Mimi, bwana. Sikumchana. Akapata kidonda."

Akakikagua kile kidonda. Kisha akasema, "Kesho uanze kumchana mapema," akaingia ndani.

Tangu hapo kila alasiri nilimtoa mbigili kabla hazijasokota manyoya, nikamchana mpaka kwapani, halafu nikajitwaharisha na kwenda kuswali. Hata hivyo, kila niliposikia farasi wa bwana langoni, niliacha chanuo na kusimama.