Sanduku la Mnyororo

Mashua yangu iligonga miamba mchana kweupe, mimi nikiwa ufukweni nakula ugali kwa dagaa.

Nilikuwa nimeinunua kwa mhandisi mmoja aliyemaliza mkataba wake Kigoma akarudi kwao. Ni mashua ndogo ya tanga moja, watu watatu wakikaa imejaa. Yeye alikuwa akiitia nanga kwa kamba tupu, nami nikaendelea hivyo hivyo. Siku ile upepo uligeuka ghafla, kamba ikasuguana na jiwe chini ya maji hadi ikakatika. Nilipoinua macho kutoka kwenye sahani, mashua ilikuwa inajiendea. Niliingia ziwani na nguo zangu, sikuiwahi.

Wavuvi walionisaidia kuivuta waliukagua ubavu uliochubuka, kisha mmoja akaniambia, "Dada, hapa chini ni mawe matupu. Tafuta mnyororo."

Mnyororo niliupata, wa kama mita ishirini, pamoja na nanga nzito zaidi. Tatizo likawa pa kuuweka. Ukiulundika miguuni unakuumiza, na mashua ikilala upande nao unahamia upande huo huo. Ilibidi nitengeneze sanduku ndani ya omo, sehemu ya mbele kabisa ya mashua, chini ya sitaha, na bomba la kuupitisha mnyororo kutoka juu.

Mimi ni tabibu. Ninafanya kazi katika kituo cha afya kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na ninaishi Kasulu mjini, mbali na ziwa. Kwa siku moja ya mapumziko kwa wiki nisingefika popote, kwa hiyo nilikodi Fuso, mashua ikapandishwa milimani hadi uani kwangu. Tuliiegesha juu ya magogo, kati ya migomba na tangi la maji.

Mwenye nyumba wangu, mama wa Kiha aliyezaliwa na kuolewa hapo hapo Kasulu, aliizunguka mara mbili.

"Daktari, hii itaelea wapi?"

"Ziwani, mama. Nikimaliza kuitengeneza."

"Utamaliza?"

"Nitamaliza."

Alitikisa kichwa, akaenda kuanua maharage yake.

Sanduku la kwanza nililifanya pana na la kina kifupi, kwa sababu nilidhani upana ndio nafasi. Nilikata plaiwudi, nikaipaka gundi na kuikaza kwa skrubu. Fundi wa kuchomelea pale sokoni alinitengenezea bomba fupi lenye kitako, nami nikatoboa sitaha na kulifunga kwa bolti nne. Lilipendeza sana. Nikamwita mama ashuhudie.

Nilianza kuingiza mnyororo. Ulipokaribia nusu, ukagoma. Nikausukuma, ukagoma. Nilipochungulia ndani nikakuta umejilundika chini ya bomba hadi kuziba tundu, huku pande zote za sanduku zikiwa tupu. Mama akashika nanga, akavuta kuelekea getini. Rundo likaporomoka, mnyororo ukajifunga, ukakwama kabisa.

"Sasa hii ukiwa majini?" aliuliza.

Nilikaa chini pale kwenye maranda ya mbao, nikajisikia mjinga. Kisha nikachukua bisibisi nikaanza kufungua skrubu za sanduku, moja baada ya nyingine. Nilijua nikilala nalo vile vile, kesho nitaanza kulitetea.

Kambini yupo seremala mmoja, mzee Mkongomani aliyekuwa akiunda mashua ng'ambo ya ziwa kabla ya vita kumkimbiza. Sasa anatengeneza viti na vitanda. Nilimkuta kwenye kibanda chake, nikamweleza. Alicheka, si kwa kunikejeli.

"Mama dokta, ile shene, ile mnyororo yako, ikianguka inafanya kilima. Kilima inapanda mpaka inafunga mdomo ya bomba. Fanya sanduku nyembamba, yenye kwenda chini sana. Hapo kilima haina nafasi ya kupanda."

"Twende ukaone mwenyewe, fundi."

"Niende wapi? Bila kibali sitoki. Na nani atanipa kibali ya kuona bato yako?"

Basi ikawa mimi ndiye wa kwenda na kurudi. Nilikata maboksi ya dawa zilizoisha, nikayabana ndani ya omo hadi yakachukua umbo lake, nikampelekea yakiwa yamekunjwa kwapani. Aliyafungua juu ya meza yake ya randa na kuyachora kwa penseli. Sanduku lirudi nyuma kidogo, nusu mkono kutoka ncha, la sivyo uzito utainamisha omo. Sakafu yake ikae juu ya usawa wa maji, na chini kabisa pawe na tundu la kutokea nje ili maji ya mnyororo yamwagike yenyewe.

"Na mwisho ya shene, ile ya ndani ya sanduku, usiifunge na bolti," alisema. "Funga na kamba nguvu. Siku ya mbaya, unakata kwa kisu, unaacha nanga, unaokoa watu."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

Safari hii nilitumia mbao za mninga. Mvua zilikuwa zimeanza na gundi ilikuwa haikauki, nikalazimika kuwasha jiko la mkaa chini ya turubai na kukaa nalo jioni nzima nikilisogezasogeza. Patasi ilinikata kidole gumba, nikajishona nyuzi mbili kituoni na kuvaa glovu. Wenzangu waliniuliza kwa nini nisiiuze tu. Niliwajibu kwamba mashua haijanishinda. Bado kazi tu.

Siku ya kujaribu, mnyororo wote uliingia. Mama akavuta nanga hadi getini, ukatoka wote bila kusita. Akairudisha, akaivuta tena, safari hii kwa mwendo wa haraka, khanga ikimvuka.

"Umemaliza kweli," alisema.

Tuliishusha Kigoma mwezi uliofuata. Nilikwenda hadi pale pale penye mawe, upepo ukivuma, nikaachia nanga. Mnyororo ulitoka kwa kishindo, kisha ukakaza, na omo ikageuka kuukabili upepo. Nilichagua mti mmoja ufukweni na jiwe nyuma yake, nikavitazama saa nzima kuona kama vitaachana. Havikuachana; mashua haikuwa imesogea.

Nilikuwa nimerekodi video. Jumatatu nilimwonyesha seremala kwenye simu. Aliitazama mara tatu, sikio karibu na spika.

"Inapiga kelele kwa mdomo ya bomba," alisema. "Chuma inakula chuma. Weka mpira ya tairi pale."

Jumamosi nikauweka.