Injini ya Kumfuata Imelda

Osward Simbeye hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini umguse kwenye Landrova yake, lo, utakaa hapo mpaka chai ipoe. Gari lenyewe lilikuwa zee la kutosha: bodi imepakwa kwa brashi rangi ya milango ya nyumba, milango haifungwi mpaka ibembelezwe. Kwa gari hilo alishusha unga na sabuni bondeni Ivuna, akapandisha chumvi hadi Tunduma. Na kwa gari hilo hilo alimpandisha Imelda, binti wa wapika chumvi, akamfanya mke. Sasa injini imekufa, na Imelda yuko Ivuna.

Msidhani waliachana, hapana. Mama yake Imelda alivimba miguu, na Imelda ndiye binti pekee aliyebaki, akaenda kumuuguza. Ilisemwa ni majuma machache tu. Mvua zikaja zikaisha, mahindi yakavunwa, Imelda hajarudi. Kule simu hushika mtandao ukipanda kichuguu, na anayeuguza atapanda vichuguu saa ngapi? Mtoto wao, Lucky, yuko Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kwenye kazi zake. Osward akabaki peke yake Tunduma, anasonga ugali wa watu wawili, anakula nusu, anakasirikia sufuria. Alimkumbuka mkewe mpaka akajionea aibu, mtu mzima na mvi zake, ananusa kitenge kilichoachwa kwenye kamba.

Halafu siku moja Imelda akapiga simu, upepo ukivuma ndani ya simu. "Baba Lucky, mama hajambo sasa. Anatembea mwenyewe mpaka uani." Basi! Osward hakusikia kingine. Anatembea, maana yake Imelda anaweza kurudi. Majirani wakamwambia apande basi amfuate. Akakataa katakata. Alitaka mkewe arudi kwa gari lililomleta, akae kwenye kiti chake.

Gwakisa, fundi wake, alikuwa na gereji karibu na pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Alimwekea injini tatu za dizeli chini, juu ya matairi.

"Usisumbuke kuchagua, mzee," alisema. "Beba hii ya lori la Kanta. Hii ni ng'ombe wa kulimia. Haina mambo ya umeme, hata ikigoma huko bondeni, mwenye spana mbili anaifungua. Vipuri vyake viko kila kona."

Akaiwasha. Kuku wa mama ntilie wakatawanyika, na mama ntilie mwenyewe akatoa maneno ambayo sitayarudia hapa.

"Inanguruma kama ile yako ya zamani," Gwakisa alipiga kelele, anatabasamu.

"Ndiyo ubaya wake! Zima!"

Ya pili ilitoka kwenye Haisi. Sauti yake ya wastani, bei yake ya wastani, lakini Gwakisa mwenyewe alikiri kwamba ukipanda nayo mlima wa bondeni na mizigo, utashuka usukume. Ya tatu ilikuwa na tabo, ile feni ya kuiongezea nguvu, imetolewa kwenye gari la familia lililogongwa. Ilipowashwa, Osward aliinama akaweka sikio.

"Imewaka?"

"Gusa."

Akagusa. Ilikuwa inatetemeka kidogo tu, kama paka anayeota moto. Osward akasema ni hiyo.

"Hii?" Gwakisa alishika kiuno. "Mzee Simbeye, hii inataka kudekezwa. Radieta tubadilishe, bamba la kuishikanisha na gia boksi tuchonge upya, mauntingi za kuikalisha tukate tuhamishe. Kazi mara mbili! Halafu uipeleke kwenye mashimo ya barabara za Momba, huko bondeni? Umerogwa?"

"Gwakisa, mke wangu amekaa kwenye kiti kile tangu nimuoe, na njiani sijawahi kuzungumza naye. Akisema neno, nasema 'eeh?' Akirudia, nasema 'eeh?' Mwishowe akaacha kusema, akawa anatazama nje tu. Nimekaa hapa miezi yote hii najiuliza alikuwa anataka kuniambia nini. Nataka nimsikie njia nzima, kutoka Ivuna mpaka hapa."

Gwakisa alimtazama, akaokota spana, akaanza kazi.

Ikawa injini ya ajabu. Osward aliteremka mlima wa bondeni akisikia ndege, akisikia hata mawe madogo yakisagika chini ya matairi. Aliongea na kiti kitupu, akijizoeza atakayosema. Hakumpigia Imelda simu. Alitaka amshtukize.

Hapo ndipo alipokosea, jamani, na kwa watu wa kule bondeni lilikuwa kosa kubwa. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamsemeshi. Mkwe mwenye adabu hukohoa akiwa mbali, au hutanguliza mtu, ili mama apate nafasi ya kuingia ndani. Tangu aoe, Osward hakuwahi kukohoa hata mara moja. Landrova ilimkoholea. Ngurumo yake ilitangulia tangu mlimani, na alipofika uani mama mkwe alikuwa ameshajificha zamani. Kwa miaka yote hiyo Osward alimjua mama huyo kwa sauti tu, nyuma ya ukuta wa udongo.

Safari hii alipinda kona ya ua kimya kimya, akafunga breki. Mama mkwe alikuwa mbele yake kabisa, ameketi mkekani juani, kichwa wazi, miguu imenyooshwa ikiwa imepakwa mafuta. Macho yakakutana.

Bibi alivuta kitenge kufunika uso. Akaegemea mikono ainuke akimbilie ndani. Hakuinuka. Akajaribu tena, akarudi chini. Osward aliona yote kabla hajapata akili ya kugeuka. Anatembea mwenyewe mpaka uani! Imelda alimdanganya ili asikate tamaa. Mwanamke huyu alikuwa hatembei popote.

Akageukia upande wa pili, ameshika usukani kwa mikono miwili, amelowa jasho la aibu.

"Mkwe." Sauti ilitoka chini ya kitenge. Hakuwahi kumwita kabla ya siku hiyo. "Tumeshaonana, basi niseme. Najua umekuja kumchukua. Niachie, mwanangu. Nizikeni kwanza, kisha umchukue. Sitawachelewesha."

Injini ilikuwa inawaka bado, lakini haikufunika hata neno moja.

"Ndiyo, mama," Osward alisema. "Nimesikia."

Imelda alitokea na ndoo ya maji kichwani. Alipoona gari, mume na mama yake vile walivyokaa, alielewa. Akatua ndoo, akamsaidia mama yake kuingia ndani, kisha akaja akapanda kwenye kiti chake. Alikuwa amekonda. Osward alitamani kumshika, akashika gia.

"Mbona halisikiki?" Imelda aliuliza. Halafu akacheka, machozi yakimtoka. "Mbuzi wa faini utaleta, Baba Lucky. Umemtazama mama usoni!"

"Nitaleta."

Akaanza kusema. Alisema juu ya kumgeuza mama kitandani usiku, juu ya chumvi iliyoharibiwa na mvua, juu ya ndoto zake za nyumbani, na kwamba alidanganya kwenye simu kwa sababu naye alikuwa anatamani iwe kweli. Alisema bila kupumzika, kwa sauti ndogo ya kawaida, na Osward hakusema "eeh?" hata mara moja. Hayo ndiyo maongezi aliyoyatamani maisha yake yote, na gari lilikuwa limesimama.

Ndani ya nyumba, mama akakohoa. Imelda akanyamaza, akamtazama mumewe. Osward alijua kwamba akikanyaga mafuta sasa hivi, mkewe hatashuka.

"Shuka, Mama Lucky," alisema. "Mama anakuita."